“Nouveau dossier (3)” si jina la mpunga wetu

Kuko jambo moja ambalo tunalisema mu kila mkutano na ambalo wengi wanalichukua kama jambo dogo: kompyuta iliyoko mu biro ya koperative ni chombo cha wanamemba wote. Iko sawa na mizani, sawa na depo, sawa na turubai za kuanikia mpunga. Chombo cha wote kinapangwa namna ambayo wote wanaweza kukifuata. Leo, mu makoperative mengi tunayotembelea, hapa mjini upande wa Kasuku na Mikelenge, ng'ambo ya mto kule Alunguli, na kwenye njia za Kailo, Pangi na Kibombo, haiko vile. Mtu akiwasha mashini, uso wake umejaa picha ndogo ndogo toka pembe hadi pembe, kama soko mvua ikipiga: kila mtu amekimbilia pale alipoona nafasi. Programu ya hesabu iko karibu na mchezo wa karata. Programu ya barua imebanwa kati ya filamu mbili. Na katikati kuko madosye manne ao matano ya rangi ya manjano, yenye majina “Nouveau dossier”, “Nouveau dossier (2)”, “Nouveau dossier (3)”.

Jina hilo hakuna mtu aliyelichagua. Ni mashini yenyewe inayolitoa. Windows ya Kifaransa, ukiiomba dosye mpya na usiandike jina, inaandika yenyewe “Nouveau dossier”, ya pili inaitia (2), ya tatu inaitia (3). Kwa hiyo dosye yenye jina hilo ni dosye ambayo mtu aliifungua kwa haraka, akatia kitu ndani, akaenda zake. Ndani yake kunaweza kuwa hesabu ya mavuno ya msimu mzima, ao picha za harusi ya shangazi. Ukiitazama kutoka nje huwezi kujua.

Sisi tunasema hivi: programu na madosye ya kompyuta ya koperative yapangwe kwa vikundi kufuata kazi za koperative, kwa majina ambayo wanamemba wanayasema kila siku, na mpango huo ukubaliwe mu mkutano, usiachwe mikononi mwa mtu mmoja. Wengine watasema tunapoteza karatasi ya gazeti kwa mambo ya picha ndogo za kwenye skrini, wakati kuko magonjwa ya mihogo na barabara zimekatika. Tunaomba watuvumilie. Mihogo tutairudia. Hili la kompyuta linagusa feza.

Tazameni namna mambo yanavyokwenda. Koperative inapata kompyuta, mara nyingi ya mkono wa pili, mara nyingi kupitia mradi kama wetu. Mafunzo yanafanywa siku tatu ao nne. Watu kumi wanakaa, lakini anayeshika kipanya muda wote ni mmoja, kijana aliyemaliza masomo, sababu ana mkono mwepesi na wengine wanaona haya. Mradi unaondoka. Toka siku ile, kila swali liko na jibu moja: “Uliza ule kijana, ye njo anajua.” Kijana anapanga programu kama kichwa chake kinavyomwambia. Yeye anajua kwamba hesabu ya depo iko mu “Nouveau dossier (3)”, na kwamba ile ya mikopo iko mu (2), isipokuwa ya mwaka uliopita ambayo iko mahali pengine. Anaona ni rahisi. Kwake ni rahisi kweli. Lakini Papa Prezida hajui, Mama Kesiye hajui, na komite ya uangalizi, ambayo kazi yake ni kuangalia, haina namna ya kuangalia.

Tunajua koperative moja ya mpunga, hatutaitaja, ambayo kijana wake alipata nafasi ya masomo Kisangani akapanda baleniere na kwenda. Hakuiba kitu. Hata neno la siri aliliacha, limeandikwa kwenye karatasi. Mwezi ule ule mnunuzi alikuja, na kulikuwa mabishano juu ya kilo alizokwisha kuchukua safari ya kwanza. Komite ikawasha mashini. Wakafungua hiki, wakafungua kile. Programu ya kusoma filamu ilifunguka mara tatu. Betri ya sola ilikuwa imekula nusu ya nguvu yake tangu asubuhi. Ikaisha kabla hawajaona lolote. Mnunuzi alikuwa na daftari yake, imeandikwa kwa kalamu, safi, yenye tarehe. Wakalipana kwa kufuata daftari ya mnunuzi. Labda daftari ile ilisema kweli. Ubaya ni kwamba hakuna aliyeweza kuipinga, na hesabu ya wanamemba ilikuwa pale pale mbele yao, ndani ya mashini waliyoilinda usiku na mchana wasiibiwe.

Kuna wakati fujo inasaidia mtu. Hatusemi kila kijana wa mashini ana nia mbaya. Wengi wanatumika bila mshahara, na tungependa kwanza makoperative yawalipe kitu. Lakini pale ambapo mtu mmoja tu anajua njia ya kufikia hesabu, mtu huyo anakuwa kama mlango, na wanamemba wanasubiri mpaka mlango upende kufunguka. Akiwa mwema, anafunguka. Akikasirika, ao akihama, ao akifa, basi. Mkulima hapaswi kutegemea tabia ya mtu ili ajue mpunga wake umefika kilo ngapi.

Sasa, kupanga kwa vikundi maana yake nini? Hapa Kindu ukisema “grupu”, wengi wanafikiri ile ya umeme, inayokunywa mazuti. Tunasema juu ya kikundi cha programu: kuweka mahali pamoja vitu vinavyotumika mu kazi moja, na kuandika juu yake jina la kazi ile. Si jambo geni. Wengi mumekwisha kulifanya kwenye simu. Ukishika picha ya programu kwa kidole, ukaivuta mpaka juu ya nyingine, ukaachia, simu inaziweka ndani ya kiduara kimoja na kukuuliza jina. Kompyuta zenye Ubuntu zinafanya vile vile mu orodha yao ya programu. Na kwenye Windows wazo lenyewe ni la zamani kuliko vijana wengi wanaolitumia: Windows 3.0, iliyotoka 1990, uso wake wote ulikuwa vikundi vya programu. Kwa Kifaransa uliitwa Gestionnaire de programmes, na ndani yake kulikuwa na kikundi cha “Accessoires”, kikundi cha “Jeux”, na kadhalika. Mwaka 1995 Windows 95 ikaleta kile kidude cha “Démarrer” pembeni chini, na vikundi vikaingia ndani yake, havionekani mpaka ufinye.

Angalieni mashini inavyopanga ikiachwa yenyewe. Mu orodha ya “Démarrer” inafuata herufi, A mpaka Z, na mara nyingi inaziweka programu ndani ya dosye yenye jina la kampuni iliyozitengeneza. Hebu fikirini mama anayepanga vyombo vya nyumba yake kwa kufuata jina la mfua chuma: jembe na kisu cha jikoni pamoja kwa sababu vilifuliwa na mzee mmoja, panga kwingine kwa sababu lilitoka dukani. Hakuna nyumba ya namna hiyo. Jembe linakaa na vya shamba, kisu kinakaa na vya jikoni, na mtoto wa miaka sita akitumwa analeta. Mu depo vile vile: mpunga wa mbegu haulali na mpunga wa kula, magunia yanakaa juu ya mbao, mzigo wa kila mwanamemba uko na alama. Hatukuhitaji mradi ili tujue hayo. Tunashangaa tu kwamba, tukiingia mu chumba cha kompyuta, akili ile ya depo tunaiacha mlangoni pamoja na viatu.

Kwa koperative ya mpunga, ya karanga ao ya mawese, tunaona vikundi vitano vinatosha. Depo: hapa inakaa daftari ya kilo zinazoingia na zinazotoka, pamoja na njia ya kufungua programu ya majedwali, Excel kwa wale walio nayo, Calc ya LibreOffice kwa wale wasio nayo (LibreOffice ni ya bure, na kazi hii inaiweza vizuri). Sanduku: feza zinazoingia, feza zinazotoka, mikopo, na ile “Calculatrice” ndogo. Wanamemba: orodha ya majina, sehemu za kila mmoja, kijiji chake. Barua na Mikutano: programu ya kuandika, programu ya kusoma PDF, ripoti za mikutano. Kisha Dunia, yaani intaneti na WhatsApp, kwa siku ambayo mtandao unakubali. Koperative yenye mashini ya kukoboa inaweza kuongeza Mashini. Lakini zikifika nane ao tisa, muache. Mtu anayetazama majina tisa anaanza tena kutafuta, na kutafuta njo ugonjwa tuliokuja kuuponya.

Kuhusu majina tuko wakali kidogo. Yaandikwe kwa lugha ambayo mama anaitumia akiwa amesimama mbele ya mizani. Kama kwenu wanasema “sanduku”, isiandikwe “Trésorerie”. Kama wanasema “kese”, basi Kese. Mpunga uliingia Maniema karne ya 19 kwa njia moja na Kiswahili, mikononi mwa wafanyabiashara waliotoka pwani na kukaa Nyangwe na Kasongo, na toka wakati ule tunaupanda, tunauhesabu na kuubishania kwa Kiswahili. Hatuoni sababu kwa nini ukifika ndani ya kompyuta ubadilishe lugha. Na asiseme mtu kwamba Kiswahili hakifai kwa mashini. Mwaka 2004, Tanzania, watu wa mradi wa Kilinux pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu nzima ya biro, Jambo OpenOffice, ambayo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Ile LibreOffice tuliyoitaja ilizaliwa baadaye, 2010, kutoka shina lile lile la OpenOffice. Kama wao waliweza kuandika menyu nzima, sisi hatutashindwa na majina matano.

Mbele ya jina muweke namba: 1 Depo, 2 Sanduku, 3 Wanamemba. Mashini inapanga kwa herufi, na bila namba “Barua” itakuja mbele ya “Depo” kila mara. Namba inalazimisha utaratibu mliochagua.

Kazi yenyewe ya mikono ni ya asubuhi moja. Kwenye uso wa Windows, mahali pasipo na picha, finya kipanya upande wa kuume, chagua “Nouveau”, kisha “Dossier”, na kabla ya kufanya kitu kingine chochote andika jina. Ukikosa, finya F2, andika upya. Kisha tafuta programu unayotaka na uitengenezee njia ya mkato, ile ambayo Windows inaiita “Raccourci”: finya upande wa kuume juu yake, “Envoyer vers”, “Bureau (créer un raccourci)”. Kwenye Windows 11 maneno hayo yamefichwa kidogo, lazima kwanza upite “Afficher plus d'options”. Picha mpya itatokea, iko na mshale mdogo uliopinda pembeni. Ivute uiweke ndani ya dosye yake.

Ule mshale mdogo tunaomba muujue vizuri, sababu hapo njo watu wanaogopa na hapo njo wanaharibu. Picha yenye mshale ni kama kibao cha njiani kinachoonyesha “Kwa chifu, huku”. Ukivunja kibao, nyumba ya chifu inabaki imesimama. Kwa hiyo njia moja ya mkato inaweza kuwa ndani ya Depo na nyingine ya programu ile ile ndani ya Sanduku, bila shida yoyote, Excel haigawanyiki. Lakini daftari yenyewe ya depo, ile yenye kilo ndani, haina mshale. Hiyo njo nyumba. Ukiitupa, umetupa nyumba. Itakaa kwanza mu “Corbeille”, na unaweza kuirudisha, mpaka siku ambayo mtu mwenye bidii ataamua kusafisha “Corbeille”. Sheria yetu ni hii: siku ya kupanga, hakuna kufuta. Kitu kisichojulikana kinaingia mu dosye moja yenye jina Hatujui, na tarehe. Kinakaa humo mpaka mkutano umeulizwa. Na kabla ya kugusa lolote, nakala ya daftari zote iingie mu kle ambayo haikai ndani ya biro.

Watu watatuuliza kwa nini tunasisitiza madosye ya kawaida kwenye uso wa mashini, wakati “Démarrer” nayo iko na vikundi vyake. Sababu ni kwamba Microsoft hawatulii. Windows 10, iliyotoka 2015, ilikuwa na vile vibao vya mraba ambavyo ungeweza kuvikusanya na kuvipa jina. Kazi nzuri kabisa. Mwaka 2021 Windows 11 ikaviondoa, na mwaka uliofuata wakarudisha kitu cha kufanana, cha namna nyingine. Koperative iliyopanga kila kitu mle ingelazimika kuanza upya kila ikibadilisha mashini. Dosye ya kawaida kwenye uso wa kompyuta inafanya kazi ile ile toka Windows 95, na kwenye mashini kuukuu tunazopewa hilo ni la maana. Tena wengi wenu muko bado na Windows 10, ambayo toka mwezi wa 10 wa 2025 Microsoft waliacha kuitolea marekebisho ya kawaida. Siku moja mtahama. Dosye mnaibeba mu kle, mnaifungua ng'ambo. Njia za mkato mtazitengeneza upya kwa muda mfupi.

Kwa wanamemba wasiosoma, na wako, tusijifiche, kuko kitu kidogo ambacho wengi hawakijui. Dosye inaweza kubadilishwa picha yake. Upande wa kuume, “Propriétés”, “Personnaliser”, “Changer d'icône”. Windows inakuonyesha picha nyingi, unachagua moja. Gunia hakuna, tumetafuta. Lakini nyota, nyumba, karatasi na vingine vipo, na mama akijua kwamba nyumba ni depo, anaweza kusema “fungua nyumba” na kukaa nyuma ya kijana akitazama anachoandika. Hilo tayari ni usimamizi, hata kama herufi yenyewe haisomi.

Kipimo chetu cha kujua kama mpango umefaulu ni kimoja. Chagueni mama mmoja kati ya wanaoleta mpunga, anayesoma kidogo lakini hajawahi kukaa mbele ya mashini. Mumkalishe. Mumwambie: “Mama, tufungulie daftari ya depo.” Msimwonyeshe kwa kidole, msimpokonye kipanya. Vijana watateseka kumtazama, wavumilie. Akifika mwenyewe, mpango uko sawa. Akipotea, msimlaumu yeye, rudieni majina. Tunamtaja mama kwa makusudi. Mu makoperative yetu wanawake wanapanda, wanapalilia, wanavuna na kubeba, kisha tunapofika kwenye mashini wanaambiwa wakae nje wakisubiri jibu.

Kuko kaka zetu wanaopinga, na hoja moja yao iko na nguvu. Wanasema: ya nini kupanga, kompyuta iko na sehemu ya kutafuta, unaandika “Excel” na Excel inakuja. Kweli. Kwa mtu anayejua kwamba kitu anachokitaka kinaitwa Excel, na anayejua kuandika Excel, kutafuta ni haraka kuliko vikundi vyote. Sisi wenyewe tunafanya vile mu biro yetu. Lakini anayetafuta kwa jina lazima awe na jina kwanza. Mwanakomite mgeni hana jina, ana swali: “Kilo zangu ziko wapi?” Vikundi ni vya mtu mwenye swali. Tena mashini inatafuta herufi ulizoandika. Kijana aliandika “mupunga”, wewe unaandika “mpunga”, haileti kitu, na unaamini hakuna.

Hoja nyingine ni ya wazee: daftari ya karatasi inatosha. Hapa hatubishani sana. Daftari ya karatasi, yenye saini mbili, iendelee, na koperative isiyoweza kuweka daftari ya karatasi vizuri isikimbilie kompyuta, itahamisha fujo tu. Lakini mahali ambapo kompyuta tayari iko, na mahesabu tayari yameingia, kuiacha ovyo ni kuwa na daftari mbili, moja ya kila mtu na moja ya mmoja, na siku zikikosana hamtajua muamini ipi.

Kisha kuko sheria. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na toka pale makoperative yetu yanafuata sheria ya OHADA juu ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa Lomé mwezi wa 12, 2010. Wengi mumeijua wakati wa kubadilisha statuti, mlipoulizwa kama mnataka koperative ya namna rahisi, inayoanzia watu watano, ao ile yenye baraza la uongozi, inayoanzia watu kumi na tano. Mu kanuni zake kuko hii: uongozi uko mikononi mwa wanamemba, kwa njia ya demokrasia. Na nyingine: koperative inawapa wanamemba elimu, mafunzo na habari. Sheria haisemi kitu juu ya picha ndogo za kwenye skrini, bila shaka. Lakini tuulizane: mwanamemba anapewa habari gani kama habari iko mu “Nouveau dossier (3)”? Ndiyo maana tunataka jambo hili liingie mu orodha ya mambo ya mkutano mkuu, hata kwa robo saa. Sekreteri asome majina ya vikundi kwa sauti, watu waseme kama ni maneno yao. Majina yakikubaliwa yaandikwe kwenye karatasi kubwa, ibandikwe ukutani juu ya kompyuta, na anayetaka kubadilisha arudi kwanza kuomba. Watu wawili, si mmoja, wajue neno la siri, na mmoja wao atoke mu komite ya uangalizi.

Kijana wa mashini asione hayo kama adhabu. Yeye njo atakayefanya kazi ile ya asubuhi moja, na yeye njo atakayeacha kupigiwa simu usiku akiulizwa kitu kiko wapi. Tumeona vijana waliofurahi zaidi ya wazee.

Jambo moja halijaisha kati yetu wenyewe mu timu. Ni lile la filamu, muziki na mchezo wa karata. Wengine kati yetu wanasema kila kitu cha namna ile kitoke mu kompyuta ya koperative leo leo: kinakula betri, kinajaza nafasi, na kle za filamu zinaleta virusi. Wengine wanasema biro yenye filamu jioni njo biro ambayo vijana wanaifikia, na heri kuwe na kikundi cha sita, Burudani, kinachoonekana na wote, kuliko filamu zilizofichwa ndani ya Sanduku. Mpaka sasa tumekubaliana kwa sehemu moja tu: filamu isikae mu Depo. Mtuandikie mnavyofanya kwenu, na kama kuko mwenye simu ya kupiga picha, mtupigie picha ya uso wa mashini yenu kama ulivyo leo, kabla hamjaupanga, pamoja na majina mliyochagua. Muipe mwezeshaji wetu akipita mwanzo wa mwezi.